Maswali ya Wasomaji: Rivolva Zenye Rangi Adimu za Kiwandani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, ambako Smith & Wesson, Colt na Ruger zimetengeneza rivolva, yaani bastola za silinda inayozunguka, kwa maelfu kwa maelfu. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: hii rangi ninayoiona ni ya kiwandani, au kuna mtu ameipaka baadaye? Tunaposema rangi tunamaanisha lile koti la mwisho la chuma: bluu (weusi wa samawati wa chuma kilichotiwa dawa), nikeli, madoa ya mkaa wa mifupa (rangi za mawingu za chuma kilichochomwa ndani ya mkaa), fosfeti (tabaka la kijivu lisilong'aa) na kadhalika. Mkusanyaji hulipa ziada kwa ajili ya koti hilo, kwa hiyo hapo ndipo penye udanganyifu mwingi.

Kabla ya kukagua chochote, fungua silinda, tazama matundu yote kwa macho, na hakikisha hakuna risasi. Fanya hivyo hata kama mwenyewe ameshafanya mbele yako.

Swali: Habari zenu. Niko Columbus, Ohio. Kuna mzee anauza Smith & Wesson Model 19 ya nikeli, inang'aa kama kioo, na anaapa ilitoka kiwandani hivyo. Ameipandishia bei kwa sababu hiyo. Nitajuaje kama ni kweli?

Jibu: Mzee mwache na kiapo chake; iulize bastola. Omba ruhusa ya kuvua vibao vya mpini. Ni skrubu moja tu, lakini tumia bisibisi yenye ncha inayojaa kwenye mfereji wa skrubu, maana bisibisi nyembamba huuchubua na bei ikashuka hapo hapo mbele ya macho yenu.

Tafuta herufi N. Kiwanda kilikuwa na kawaida ya kugonga N kwenye sehemu zilizokusudiwa kupakwa nikeli: uso wa nyuma wa silinda, fremu ya mpini chini ya vibao, na chini ya mtutu pale kijiti cha kusukumia maganda kinapolala. Ukiona B chini ya mtutu, mtutu huo ulikusudiwa kuwa wa bluu. Usikimbilie uamuzi kwa herufi moja pekee, maana si kila bastola ina N sehemu zote tatu. Ila N kwenye silinda na B kwenye mtutu ni jambo la kuulizia.

Kisha tazama nyundo na kifyatulio. Katika rivolva za nikeli za Smith & Wesson za aina hii, vitu hivyo viwili havikupakwa nikeli. Vilikomazwa ngozi ya chuma, na vina rangi ya kijivu yenye mawimbi ya kahawia na bluu. Ukikuta nyundo inang'aa sawa na fremu, mtu wa nje ameshaiweka kwenye beseni la nikeli. Kwa rivolva za zamani za karne ya 19 zinazofunguka kwa kukunjika katikati, dalili ni nyingine, nayo tunaipenda kwa urahisi wake: fremu, mtutu na silinda vilikuwa nikeli, lakini kinga ya kifyatulio na lachi ya juu vilibaki bluu. Ikiwa kinga nayo ni nikeli, karibu kila mara ni kazi ya baadaye.

Sasa chukua kioo cha kukuzia. Upande wa kulia wa fremu kuna bamba la ubavuni. Kiwandani bamba hilo lilisuguliwa pamoja na fremu, ndiyo maana mstari wa maungio yake ni mwembamba kama unywele na unaweza usiuone bila kuinamisha bastola kwenye mwanga. Fundi wa mtaani akiweka chuma kwenye gurudumu la kitambaa, gurudumu hula kingo za bamba na mstari unakuwa mfereji. Matundu ya skrubu nayo hubonyea yakawa kama visahani. Angalia na maandishi. Herufi iliyogongwa na haijasuguliwa ina kingo kali. Pitisha ukucha taratibu utasikia unakwama. Herufi iliyosuguliwa ina mabega ya mviringo, na mistari yake myembamba huwa imeanza kupotea kabla ya ile minene.

Pia kuna bastola zilizorudishwa kiwandani zikapakwa upya na Smith & Wesson wenyewe. Kazi huwa safi, lakini kwa mkusanyaji si sawa na rangi ya kwanza. Kiwanda kiliacha alama: nyota karibu na namba ya silaha, na chini ya vibao tarehe fupi ya mwezi na mwaka, kwa mfano 3.52, pengine na R-N ikimaanisha imepakwa nikeli upya. Muuzaji anayesema ni nikeli ya kiwandani anaweza kuwa hasemi uongo, lakini pia hajasema yote.

Mwisho, agiza barua ya kumbukumbu kutoka Smith & Wesson Historical Foundation. Utalipa ada, na utaelezwa kwa namba ya silaha ilisafirishwa lini, kwenda wapi, ikiwa na mtutu wa urefu gani na rangi gani. Ikumbukwe kwamba barua inaeleza kilichotoka mlangoni mwa kiwanda siku ile. Haielezi kilichoipata bastola baada ya hapo, kwa hiyo ukaguzi wa mikono unabaki pale pale. Boksi likiwepo, ligeuze: namba ya silaha mara nyingi iliandikwa chini yake kwa penseli ya nta. Isipolingana, hilo ni boksi la bastola nyingine.

Swali: Je, ni kweli kuna Smith & Wesson za rangi mbili kutoka kiwandani, fremu ya nikeli na mtutu na silinda za bluu? Nimeona moja inauzwa ghali sana. Msomaji, Dallas.

Jibu: Zipo, wakusanyaji huziita pinto kama farasi wa mabaka, na zilitoka kwa maagizo maalumu. Tatizo ni kwamba kuitengeneza ya uongo ni kazi ya saa moja: chukua mbili za modeli moja, ya bluu na ya nikeli, badilisha mitutu na silinda, umepata pinto mbili. Kwa hiyo hapa barua ya kiwanda si hiari. Isiposema rangi mbili, lipa bei ya bastola ya kawaida au uondoke. Kagua na N na B tulizotaja hapo juu: silinda ya bluu yenye N mgongoni inajieleza yenyewe. Kwa rivolva za kabla ya Vita Kuu ya Pili, namba ya silaha hugongwa kwenye mpini, mgongo wa silinda na chini ya mtutu. Zote tatu lazima ziwe namba moja.

Swali: Shikamooni. Nimerithi kutoka kwa baba mkwe wangu Colt Single Action Army ya miaka ya 1960. Fremu ilikuwa na rangi kama za mafuta yaliyomwagika majini, lakini sasa upande mmoja umekuwa kijivu. Fundi mmoja ananiambia anaweza kurudisha rangi kwa moto wa gesi siku moja. Nimpe? Dada wa Minneapolis.

Jibu: Marahaba dada. Usimpe. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ukishafanya, hakuna kurudi nyuma.

Rangi hizo si rangi ya kupaka. Fremu ya chuma hufungiwa ndani ya chungu cha chuma pamoja na mkaa wa mifupa na mkaa wa kuni, ikapashwa moto kwa saa kadhaa karibu nyuzi 730 hadi 760 za Selsiasi. Kaboni ya mkaa huingia kwenye ngozi ya chuma. Kisha vyote humwagwa kwa mpigo ndani ya maji baridi yanayopulizwa hewa, na fundi mzuri huhakikisha fremu haigusi hewa njiani. Ngozi inakuwa ngumu, moyo wa chuma unabaki laini kiasi cha kutopasuka, na juu yake inabaki tabaka nyembamba mno ya oksaidi inayoonyesha bluu, kahawia, kijivu na zambarau. Ugumu umezama, rangi ziko juu kabisa. Ndiyo maana rangi huondoka kwa jua, jasho la kiganja na sabuni kali, huku chuma kikibaki kigumu vile vile.

Moto wa gesi unatoa rangi pia, lakini kwa njia nyingine. Chuma safi kikipashwa hewani hugeuka manjano ya majani makavu karibu nyuzi 220, zambarau karibu 280, bluu karibu 300. Mwali wa gesi unaweza kupita hapo kwa sekunde chache na kuilegeza ngozi iliyokomazwa, hasa kwenye daraja la juu la fremu na kwenye ngao iliyo nyuma ya silinda, sehemu zinazobeba nguvu ya risasi. Utabaki na fremu yenye michirizi ya bluu inayofanana, isiyo na mtawanyiko wa mawingu ya mkaa wa mifupa, na bastola ambayo mkusanyaji yeyote ataitambua ukiwa bado umeishika wewe.

Hata kuirudia kwa njia halali ya mkaa na maji kuna gharama. Fremu inaweza kujipinda inapoingia majini, na kabla ya kuchomwa lazima isuguliwe, hivyo maandishi yanapungua. Angalia ubavu wa kushoto wa fremu yako, kuna tarehe za hataza za miaka ya 1871, 1872 na 1875 kwa herufi ndogo sana. Herufi hizo ndizo za kwanza kufutika kwenye msasa, na ndizo mtu ajuaye atakazozitazama kwanza.

Kijivu cha uzee kwenye Single Action Army ya kizazi cha pili, ile iliyorudi sokoni mwaka 1956 na kuendelea hadi 1974, ni hali ya kawaida na ina soko lake. Ipige picha upande wenye rangi, itoe kwenye mwanga wa dirisha, ifute kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi, usiweke dawa yoyote yenye amonia wala sabuni ya magadi. Ukitaka kujua rangi za awali zilikuwaje, mwombe fundi wa silaha avue vibao vya mpini na mkono wa nyuma, yaani kile chuma cha mgongo wa mpini: pale ambapo mwanga na jasho havikufika rangi mara nyingi bado ziko hai. Huo pia ni ushahidi wako. Na barua ya kumbukumbu kwa Colt huagizwa kutoka Colt Archive.

Swali: Nataka Colt Python isiyo ya bluu. Muuzaji mmoja anasema yake ni nikeli, mwingine stenlesi ya kung'aa, mwingine nikeli isiyotumia umeme. Kwenye picha zote nyeupe tu! Nitofautishe vipi? Houston.

Jibu: Python ilianza mwaka 1955 na bluu yake ya kina ndiyo iliyoipa sifa. Nikeli ya kung'aa ilikuwepo kwa muda mrefu. Nikeli isiyotumia umeme, iliyouzwa kwa jina la Coltguard, ni ya miaka ya mwanzo ya 1980, na stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ilifuata, ikiwemo ile iliyong'arishwa sana kiwandani.

Ziweke mezani juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha lenye mwanga wa mawingu, si chini ya taa ya manjano. Nikeli ya kung'aa ina ujoto, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai. Stenlesi ni nyeupe ya kijivu na baridi zaidi. Ukiona weupe wenye ubluu na mng'ao mkali kama bampa ya gari la zamani, hiyo ni kromu, na kromu kwenye Python ni kazi ya nje.

Coltguard haing'ai kama kioo. Ni ya satini, kijivu chenye unjano kwa mbali. Njia ya kutengenezwa inasaidia kuitambua. Nikeli ya umeme hujikusanya zaidi kwenye kingo na ncha, ikawa nyembamba kwenye mashimo na pembe za ndani. Nikeli isiyotumia umeme hukaa kwa mmenyuko wa kemikali, kwa hiyo unene ni ule ule hata ndani ya mifereji ya silinda na kwenye pembe za fremu. Tazama pembe hizo kwa kioo cha kukuzia.

Stenlesi haina koti, hivyo mkwaruzo wake una rangi ile ile ndani na nje. Kwenye nikeli, mkwaruzo wa kina unaonyesha chuma cheusi zaidi, mara nyingi na kidoa cha kutu. Sumaku haitakusaidia, maana stenlesi nyingi za silaha hushika sumaku.

Jambo la kutunza: nikeli na chuma zikikutana kwenye unyevu, chuma ndicho kinachooza. Tundu dogo la sindano kwenye nikeli linaelekeza kutu yote mahali pamoja, inachimba chini kwa chini hadi koti linanyanyuka kama ganda la rangi ukutani. Na ikiwa nikeli ni ya fundi aliyetanguliza tabaka la shaba, dawa ya kusafishia mtutu yenye amonia ikipenya inaila shaba hiyo. Futa dawa ndani ya dakika chache, usiiloweke kamwe.

Swali: Katika jumba la makumbusho niliona Webley ya vita imeandikwa WAR FINISH kwenye fremu, na chuma chake kina mikwaruzo ya mashine. Ni kasoro? Msomaji wa Tabora.

Jibu: Si kasoro. Webley & Scott wa Birmingham walizoea kutoa bastola zilizosuguliwa vizuri. Vita Kuu ya Pili vilipodai idadi kubwa kwa haraka, Mark IV za inchi .38 zikatoka bila kusuguliwa hadi mwisho, na kampuni ikagonga maneno hayo, maana yake umaliziaji wa wakati wa vita, ili mnunuzi asidhani wameshuka viwango. Kwa hiyo mikwaruzo ya mashine ndiyo rangi yake halisi. WAR FINISH juu ya chuma laini kinachong'aa ndiyo ya kutiliwa shaka: mtu ameisugua na kuiharibu.

Jirani yake wa vita ni Enfield No. 2. Nyingi zilipita kwenye karakana za serikali baadaye, zikagongwa FTR, yaani ukarabati kamili wa kiwandani, na mwaka, kisha zikapakwa rangi nyeusi ya kuokwa iitwayo Suncorite. Hiyo ni rangi kweli kweli na hubanduka vipande. Usiibandue ukidhani unaifichua ya zamani. Ni sehemu ya historia yake rasmi.

Na kwa wasomaji wa Marekani: jihadharini na Smith & Wesson Victory, zenye V mbele ya namba, zinazouzwa zikiwa nikeli ya kung'aa. Victory zilitoka na fosfeti ya kijivu-nyeusi isiyong'aa. Nyingi zilizokwenda Uingereza zilirudi Marekani baada ya vita, wauzaji wakazipaka nikeli au bluu na kuchimba matundu ya silinda ili yapokee risasi ya .38 Special. Awali zilikuwa za risasi ya .38/200, ambayo ganda lake ni nene zaidi, kama milimita 9.8 kwa 9.6. Ganda la .38 Special ndani ya tundu hilo huvimba na wakati mwingine hupasuka. Mihuri ya ukaguzi ya Uingereza kwenye silinda na mtutu ni ishara ya kumpelekea fundi aipime kabla ya kufikiria kuifyatua.

Swali: Ruger Blackhawk yangu ya zamani ni nyeusi mtutuni, lakini fremu imegeuka rangi ya zambarau kama bilinganya. Imeungua?

Jibu: Haijaungua. Chuma cha kumimina kilicho na silikoni zaidi hupokea bluu ya chumvi moto, ile ya kuchovya chuma kwenye chumvi kali za moto, kwa namna yake, na kadiri miaka inavyopita huelekea zambarau. Hutokea sana kwenye fremu na mlango wa kujazia risasi. Kuna wanaoitafuta makusudi. Iache.

Swali: Nina kadi ya kijani. Nahitaji nini ili nianze kukusanya? Na je, nikirudi nyumbani naweza kwenda nazo?

Jibu: Mkaazi wa kudumu Marekani anaweza kumiliki silaha, mwenye viza ya muda kwa kawaida hawezi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya kuwinda. Kwa sheria ya shirikisho, bastola iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa ya kale. Zilizotimiza miaka 50 zikiwa katika hali yake ya awali zinaingia kwenye kundi la vitu vya kumbukumbu, na leseni ya mkusanyaji, aina ya 03, hugharimu dola 30 kwa miaka mitatu. Kila jimbo lina masharti yake juu ya hayo, anza kwa kuyasoma.

Kuhusu nyumbani: Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kote kuwili unahitaji leseni, na kuingiza silaha bila kibali ni kosa la jinai hata kama ni kuukuu na ya mapambo. Usiifunge kwenye sanduku ukitumaini forodha wataelewa.

Swali: Nihifadhi vipi? Naishi karibu na bahari, na kabati langu lina mifuko ya ngozi niliyonunua pamoja na bastola.

Jibu: Itoe kwenye ngozi leo. Ngozi hunyonya unyevu na ina asidi na chumvi za kiwanda cha ngozi. Nikeli hupata mawingu meupe yasiyofutika na bluu hupata vidoa vya kutu vyenye umbo la mshono. Weka ngozi kando, bastola kwenye soksi ya kitambaa iliyotiwa silikoni.

Nunua kipima unyevu, ulenge asilimia 45 hadi 50. Vifuko vya silika vya kunyonya unyevu vikibadilika rangi, vioke kwenye oveni nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili au tatu, kisha virudishe. Shika bastola kwa glavu za pamba, na ukimaliza ifute hata kama hukuona alama ya kidole. Juu ya bluu na madoa ya mkaa wa mifupa, nta ya makumbusho kidogo mno, kiasi cha punje ya mchele kwa bastola nzima, ipakae, iache ikauke, isugue kwa kitambaa cha pamba. Nikeli ikipata ukungu, jaribu kwanza mafuta mepesi na kidole kilichofungwa pamba. Dawa za kung'arisha vyombo vya shaba zina chembe za kusaga, na kila ukipaka unapunguza unene wa nikeli ambao hauwezi kuurudisha.

Na silinda ya bastola ambayo haijawahi kufyatuliwa usiizungushe kila mgeni anapokuja. Kijino cha kufungia silinda kinachora mstari kuizunguka, na mstari huo ndio mnunuzi anautafuta wa kwanza.